Tupeane uzoefu: mtoto anayechagua chakula, asubuhi mnampa nini?

Mama wa Kimara
Habari za jioni wazazi wenzangu. Binti yangu ana miaka 2 na miezi 4. Mchana anakula ukimbembeleza, usiku anakula vizuri, ila asubuhi ni vita. Uji akiuona tu anabana mdomo na kugeuza uso. Mkate analamba siagi, anaurudisha. Yai alikuwa analipenda, lakini tangu mwezi wa nane hataki hata harufu yake. Natoka nyumbani saa 12 na nusu niwahi gari, dada wa kazi anabaki naye. Siku nyingi naondoka sijui kama ameweka chochote tumboni, na kazini roho haitulii.

Naomba tupeane uzoefu. Mabango ya makundi ya vyakula tunayaona kliniki, hayo ninayo kichwani. Nataka kusikia mtoto wako alikataa nini, ukafanya nini, akakubali nini. Kiwe kitu cha dakika 15, kinapatikana gengeni, na dada aweze kukirudia nikiwa sipo.

Mama Mapacha, Moshi
Pole sana dada, naijua hiyo asubuhi. Wangu ni wa tumbo moja, lakini mmoja anakula chochote na mwenzake anakagua kila kijiko.

Huku kwetu mtori ni chakula cha asubuhi. Jumamosi napika sufuria moja: ndizi mshare, nyama ya mfupa, kitunguu, karoti. Naponda, nagawa kwenye vikopo vidogo, nagandisha. Usiku nashusha kikopo kimoja chini kwenye friji, asubuhi nakichemsha vizuri, dakika 5 hadi 10 basi. Yule mchaguzi aliukataa miezi miwili mizima, nikaamini hapendi ndizi. Siku moja kabla sijaponda akachukua kipande cha ndizi kwenye sahani yangu, akakimaliza, akanyoosha mkono tena. Kumbe kilichokuwa kinamsumbua ni ule ulaini. Kitu chochote kilichopondwa alikiona kama dawa. Sasa kabla ya kuponda natenga vipande vyake na nyama nimeichambua nyuzi nyuzi, anakula kwa mkono wake mwenyewe.

Mwangalie binti yako vizuri: anachokataa ni ladha ya uji, au ni ule utelezi wake mdomoni?

Baba wa Zamu ya Asubuhi, Morogoro
Mke wangu anatoka saa 11 alfajiri, kwa hiyo kifungua kinywa ni kazi yangu. Kijana ana miaka 3. Yai aliligomea kabisa.

Ninachofanya ni chapati za maji. Yai 1, unga wa ngano vijiko 4 vya chakula, maziwa kidogo kidogo hadi mchanganyiko uwe kama uji mwepesi, karoti nusu nimeikwaruza laini sana, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Kikaango nakipaka mafuta tu, simimini. Dakika 2 upande huu, 2 upande huu, nakata ukanda ukanda. Zinatoka tatu: mbili zake, moja yangu, tunakula pamoja tumekaa chini.

Sikumficha yai. Yeye ndiye analivunja kwenye bakuli, na mimi natoa maganda yanayodondokea ndani. Nafikiri hilo ndilo lililombadilisha kuliko karoti au unga. Kitu alichokishika mwenyewe hakimtishi. Sasa hata yai la kuchemsha anaomba. Mchanganyiko ukibaki weka friji, utumie kesho yake tu.

Mama Idi, Mombasa
Dadangu, nani kasema asubuhi lazima iwe uji na mkate? Sisi huku tumekua na mbaazi za nazi asubuhi. Nazipika jioni kwa chakula cha usiku, nyingine nazihifadhi, asubuhi nazichemsha tena na mwanangu anachovya mkate. Mahamri huwa ya siku ya mapumziko, maana akiyaonja hataki kingine wiki nzima.

Kwa uji wa wimbi, niliacha sukari kabisa. Tende mbili naziroweka kwa maji moto usiku, natoa kokwa, naziponda humo. Ule utamu anaupenda, na hata rangi ya uji haibadiliki.

Mama wa Mwanza
Niseme langu, ambalo bado linaniuma.

Mwanangu wa pili alikuwa hali asubuhi, hali mchana, usiku analamba lamba. Watu wakaniambia ni wa hivyo, kuna watoto hawali. Nikampa maziwa ili angalau asilale njaa. Alipofika mwaka 1 na miezi 9 nikaona viganja vyake vimekuwa vyeupe, akipanda ngazi tatu anahema. Tukampeleka kupima, damu ikasoma 8, iko chini.

Nesi hakuniuliza anakula nini. Aliniuliza anakunywa nini. Nikaanza kuhesabu: chupa ya alfajiri, chupa ya saa 3, chupa ya mchana, chupa ya kulalia. Nilipojumlisha ilikaribia lita nzima. Na katikati hapo bibi yake anampa chai ya majani na kipande cha andazi. Nesi akanieleza taratibu kwamba maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, yanajaza tumbo mtoto asione njaa, na yakizidi yanazuia hata chuma cha chakula kingine kisifyonzwe mwilini. Majani ya chai nayo yanazuia vilevile. Akasema kwa umri ule maziwa yasivuke nusu lita kwa siku, yawe kwenye kikombe, na yaje baada ya chakula. Chai ya majani tuliiacha kabisa.

Usiku nne alilia, na mimi nililia naye. Asubuhi ya tano, saa 1, mtoto aliamka akiwa na njaa. Njaa ya kweli, nilikuwa sijawahi kuiona kwake. Alikula kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, nilichokichemsha usiku, chote. Baadaye nikaanza kumwekea dagaa: nawatoa vichwa, nawaosha, nawakaanga bila mafuta hadi wakauke, nawasaga unga, naweka kijiko cha chai kwenye kiazi kilichopondwa. Pembeni kipande cha chungwa, kwa sababu nesi alisema chungwa linasaidia chuma kufyonzwa. Dawa ya chuma alipewa pia, alitumia miezi mitatu. Sikutegemea chakula peke yake, nanyi msitegemee kama damu imeshuka.

Kwa hiyo Mama wa Kimara, kabla ya kubadilisha kifungua kinywa, nakuuliza: usiku na alfajiri anakunywa nini?

Mama wa Kimara
Nimesoma hii mara mbili nikiwa kwenye gari. Anapewa chupa ya maziwa saa 10 na nusu alfajiri, ili alale tena nipate kujiandaa. Nyingine dada anampa saa 4, kwa kuwa hajala. Sikuwahi kuyahesabu kama chakula. Nilikuwa nayaona kama kinywaji tu.

Bibi wa Dodoma
Wanangu, mimi ni bibi, nalea wajukuu wawili. Uji msiuache, ila mjue kuupika. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukiupika mwepesi ili apitishe, umemjaza maji. Ukiupika mzito, hawezi kuumeza. Sisi tulitumia kimea.

Roweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, utandaze kwenye kitambaa kibichi na ufunike, unyunyizie maji siku mbili tatu hadi uchipue. Ukinuka uvundo au ukiota ukungu, tupa wote, usihurumie. Ukiwa safi anika juani ukauke kabisa, pukusa vichipukizi, saga. Asubuhi pika uji mzito, uipue, upoe kidogo, kisha tia kijiko cha chai cha unga wa kimea na ukoroge. Utauona unalegea wenyewe machoni pako, bila tone la maji kuongezwa. Urudishe motoni uchemke tena kidogo. Una utamu wake, sukari haihitajiki.

Na hizi unga za lishe zenye nafaka nane na karanga na soya humo humo, mimi sizinunui nisipomjua aliyezisaga. Karanga mbaya moja haionekani ikishasagwa. Mwaka 2016 hapa Dodoma na kule Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Mimi karanga nachambua mwenyewe mezani, iliyosinyaa au kubadilika rangi naitupa, nasaga kidogo kidogo. Nzima nzima msimpe mtoto mdogo, atapaliwa.

Mama wa Tabora
Shikamoo bibi, kimea nimekinakili.

Langu ni fupi. Parachichi. Nilikuwa naweka alama kwenye kalenda ya ukutani kila nikimwekea kipande kidogo kwenye sahani, bila kumwambia ale. Mara ya 11 ndiyo alikiweka mdomoni. Mara ya 14 alikimeza.

Mama wa Tanga
Nimesita kuandika hili. Mimi nilikuwa nanywesha uji kwa nguvu. Namlaza miguuni, namshika mikono, nambana pua, kama nilivyoona kwetu wakifanya. Asubuhi moja alipaliwa akabadilika rangi. Jirani ndiye aliyempindua na kumpiga mgongoni hadi uji ukatoka. Mtoto yuko salama, sasa ana miaka 4. Lakini kwa mwaka mzima baada ya hapo alikuwa akisikia kijiko kikigonga kikombe anakimbilia nyuma ya mlango. Hadi leo anakula ndizi mbivu, mihogo ya kuchemsha, mayai, chochote, ila uji haonji, na simlaumu.

Kama una dada nyumbani, mwambie waziwazi kwamba mtoto asipokula hutamgombeza. Wengi wanalazimisha kwa kumwogopa mama atakaporudi jioni.

Mama wa Kimara
Wiki tatu zimepita, narudi na majibu.

Chupa ya alfajiri tuliiondoa kwa kupunguza kidogo kila siku, ikaisha siku ya nane. Usiku tatu zilikuwa ngumu. Maziwa sasa ni kikombe kimoja baada ya chakula cha asubuhi na kimoja jioni. Juzi kliniki niliomba apimwe damu, iko sawa, namshukuru Mungu na Mama wa Mwanza.

Dada nilikaa naye Jumapili nikamwambia maneno ya Mama wa Tanga. Akanyamaza, kisha akasema kweli alikuwa anamkimbiza na kijiko, kwa sababu mimi nikifika tu swali la kwanza ni "amekula?" Sasa namuuliza kwanza siku yao ilikuwaje.

Uji bado hautaki, nimeuweka kando hadi nipate ulezi mzuri wa kimea. Yai analivunja mwenyewe kwenye bakuli la chapati za maji. Siku ya kwanza nusu lilimwagika kwenye kanga yangu, siku ya pili alikula ukanda mmoja, jana alikula nne. Siku ambazo hakuna muda tunampa kiazi kitamu cha jana. Leo asubuhi nilikuwa mlangoni nimeshika mkoba, akanifuata na kipande cha kiazi mkononi akitaka nikione. Nikapanda gari la saa 12 na nusu.

Bibi, nina swali moja: mvua hizi za Dar, kimea nikianika ndani karibu na jiko kitakauka vizuri au nisubiri jua?