Mkandarasi anakuuzia "dhamana" ya kazi yake mwenyewe! Wakuu, hii hela msiitoe

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Mdogo wangu anataka kuongeza vyumba viwili kwenye nyumba yake Kibaha. Jana usiku kanitumia picha ya karatasi aliyopewa na mkandarasi wake. Juu kuna bei ya kazi, chini kabisa kuna mstari: "dhamana ya ujenzi, miaka 5", asilimia 6 ya bei yote. Anauliza, "Kaka, nilipe au nisilipe?" Nimeisoma mikono ikitetemeka, maana maneno ni yaleyale niliyosaini mimi miaka miwili iliyopita kwa kampuni nyingine kabisa.

Kwangu ni Goba. Niliongeza chumba cha mama chenye choo chake, ubavuni mwa nyumba ya zamani. Kazi ilikuwa milioni 28, na juu yake nikaongeza 1,680,000 ya dhamana, taslimu, kabla hata msingi haujachimbwa. Nikapewa cheti chenye muhuri. Nilimwambia mama alale kwa amani, chumba chake kina ulinzi wa miaka 5.

Masika ya kwanza tu, ufa ukatokea pale ukuta mpya ulipoungana na wa zamani, kuanzia kwenye jamvi la zege la sakafu hadi kwenye linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha. Kidole cha mwisho kinaingia. Na pale bati jipya linapokutana na la zamani maji yakaanza kupenya, jipsamu ikavimba, ikadondoka kitandani. Mama alikuwa jikoni, namshukuru Mungu.

Nikapiga simu wiki tatu. Mwishowe wakamtuma kijana mwenye kopo la puti na brashi. Kaziba, kapaka rangi, kaondoka. Mwezi haukuisha ufa ukawa umerudi. Nikaandika barua ya madai. Majibu: ufa ni "mtitio wa kawaida wa ardhi", haumo kwenye dhamana. Paa lilipigwa na fundi wa bati waliyemkodi, halimo. Halafu eti nilibadilisha bomba la sinki bila idhini yao, kwa hiyo dhamana yote imevunjika. Bomba la sinki na ufa wa ukutani vinahusiana nini?

Nikamlipa mhandisi aje aone. Alinieleza kitu ambacho kila anayeongeza nyumba angepaswa kuelezwa mapema. Nyumba ya zamani imeshakaa, udongo chini yake umeshabanwa na uzito wa miaka mingi. Msingi mpya ndiyo kwanza unaanza kushuka. Na kwangu ni udongo wa mfinyanzi, unavimba kwa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Kuta hizo mbili haziwezi kushuka sawasawa, kwa hiyo msingi ulitakiwa uende chini hadi kwenye udongo mgumu, na kati ya kuta uachwe mwanya unaofunikwa kitaalamu. Wao walibananisha tofali mpya na ukuta wa zamani, wakapiga plasta moja juu ya zote. Yaani palepale panapotarajiwa kupasuka unapoongeza nyumba, ndipo walipopaondoa kwenye dhamana. Na mimi nimelipa!

Jiulizeni pia nani anasimama nyuma ya cheti hicho. Ni mkandarasi huyohuyo. Hiyo si bima. Bima inatolewa na kampuni yenye leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na mkandarasi akifunga ofisi kampuni ya bima bado ipo. Cheti cha mkandarasi kinakufa pamoja na kampuni yake. Na kujenga ukuta usiopasuka ndiyo kazi niliyomlipia milioni 28. Kwa sheria ya ukomo wa madai, Sura ya 89, una miaka 6 ya kumdai mahakamani aliyevunja mkataba, bila kununua dhamana yoyote. Dhamana yao ni miaka 5, halafu nauziwa!

Tazameni miradi ya serikali. Hakuna anayemlipa mkandarasi ziada ili arekebishe makosa yake. Sehemu ya hela yake inazuiliwa, wenyewe wanaiita ritensheni, na hamaliziwi mpaka kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kasoro baada ya kukabidhi kazi, kiishe. Kwa nini sisi wenye nyumba ndiyo tufanye kinyume?

Mdogo wangu nimemwambia asinunue. Azuie asilimia 10 ya bei: nusu ailipe siku ya kukabidhiwa, nusu baada ya masika moja nzima kupita, na iandikwe kwenye mkataba. Aangalie usajili wa huyo mtu CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, na daraja lake. Ile asilimia 6 ampe mhandisi wa kujitegemea aukague msingi kabla zege halijamwagwa, na aje tena wakati wa kuunganisha paa.

Mkandarasi alipoambiwa habari ya kuzuia hela akaja juu, kwamba "hatuaminiani" na hakuna mteja wake anayefanya hivyo. Mtu anayejiamini miaka 5 anashindwaje kusubiri mvua za miezi mitatu?

Anataka jibu Jumamosi, na mdogo wangu bado anasita kwa sababu bei yake ni nafuu. Kama kuna mkuu humu aliwahi kununua dhamana ya namna hii, akadai, na kweli akatengenezewa, aweke hapa cheti na alichofanyiwa, nitamsomea mdogo wangu neno kwa neno. Mama yangu bado analala sebuleni.