Hilux ya 5L inakula dizeli kupita kiasi, fundi anataka kufungua pampu

Mkazi_wa_Pongwe

Wakuu, salaam. Gari ni Hilux dabo kebini 4x4, injini 5L ya dizeli isiyo na tabo (kisukuma hewa), pampu ya mafuta ya kizamani. Kwenye lami ya Tanga hadi Korogwe ilikuwa inatoa kilomita 10 kwa lita, sasa hata 7 inafika kwa tabu. Ikipanda mlima inatoa moshi mweusi kiasi. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma bila kukanyagwa, mzunguko uko juu kuliko zamani na inagonga kama vile ndiyo kwanza imewashwa asubuhi. Joto halina shida kabisa, geji haivuki robo hata jua likiwa kali. Tairi nimeweka 265/70R16, zilizotoka zilikuwa 205R16. Fundi wa huku Ngamiani anasema pampu imechoka, ifunguliwe, na nozo zote nne (vinyunyizia mafuta) zibadilishwe. Kabla sijatoa hela hiyo, nipime nini na nianze na kipi?

Nozo_na_Pampu

Mkuu, umesema joto halina shida, na mimi naona shida iko hapo hapo. Injini ya 5L iliyokamilika haiishii robo ya geji, inapanda hadi karibu na nusu na kutulia hapo. Nina hakika thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yapate moto) imetolewa, au imekwama ikiwa wazi. Mafundi wengi wa pwani huitoa kwa hoja kwamba huku kuna joto, maji yazunguke tu. Injini haijui kama iko Tanga au Lushoto. Inataka maji yawe nyuzi 80 na kitu.

Sababu ya kula mafuta ni hii. Dizeli ya 5L inaanza kuungua kwenye chumba kidogo cha pembeni kabla ya kuingia kwenye silinda. Kuta za chumba hicho zikiwa baridi zinanyonya joto, mafuta yanachelewa kushika moto, na nguvu inayopotea unaifidia kwa kukanyaga. Oili nayo inabaki nzito. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitazami: pampu nyingi za injini hizi zina kifaa cha kuwashia asubuhi, chenye nta ndani, kinachopashwa na maji ya injini kupitia mipira miwili midogo. Maji yakiwa baridi, kifaa hicho kinapandisha mzunguko na kuwahisha taiming (wakati wa kunyunyiza mafuta). Maji yasipopata moto, hakiachii. Mzunguko wa juu na mlio wa kugonga unaousikia vinaelekea huko moja kwa moja. Ndiyo maana pampu inaonekana mbovu wakati inafanya kazi yake tu.

Fungua kifuniko cha thamostati uone kama imo. Kama imo, ining'inize kwa waya ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82, ndiyo nyuzi inayoanza kufunguka. Ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi, na ikipoa ijifunge kabisa. Ukinunua mpya, ile pini ndogo inayochezacheza ikae juu ili hewa itoke. Na kama mtu atakwambia bila thamostati gari linapoa zaidi, mwambie thamostati nyingi za Toyota zina kisahani cha pili chini kinachoziba njia ya pembeni. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji yanazunguka bila kupita kwenye rejeta. Siku ya mlima mrefu na mzigo, ndipo inapochemka.

Dereva_wa_Handeni

Naunga mkono, ila kabla ya yote hakikisha hiyo 7 ni 7 kweli. Tairi ulizoweka ni kubwa. 205R16 ina kipenyo cha karibu milimita 743, 265/70R16 ina 777. Kila mzunguko wa gurudumu unakwenda mbali kwa asilimia 4.7 zaidi ya dashibodi inavyohesabu. Ukisoma kilomita 380 kwa lita 54 unapata 7.04, lakini ulichokwenda ni karibu kilomita 398, yaani 7.4. Linganisha na GPS ya simu utaona. Bado ni mbaya, lakini usimlipe fundi kwa kosa la hesabu. Tairi pana pia ni nzito na zinaburuza, kwa hiyo 10 ile ile ya zamani usiitegemee.

Kupima: jaza hadi shingoni, subiri povu la dizeli lishuke, ongeza, lishuke tena. Tembea kilomita 300 au zaidi, rudi kituo kile kile, pampu ile ile, gari lielekee upande ule ule, ujaze kwa namna ile ile. Pampu kukatika yenyewe si kipimo, povu linaidanganya.

Upepo usiupime kwa macho. Tairi ya kuta ngumu ikipungukiwa psi 10 bado inaonekana imejaa. Fuata kibandiko cha mlangoni, upime asubuhi kabla ya kutembea.

Halafu breki. Gari la pwani linaliwa na chumvi: pistoni za kalipa mbele zinashika kutu, pini zake zinakauka, na nyaya za hendibreki zinaganda ndani ya mpira wake, hivyo viatu vya nyuma havirudi vizuri. Nenda hadi Muheza, ukikaribia kusimama uliache gari lipoe mwendo lenyewe bila kukanyaga breki, kisha weka mgongo wa mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwa na moto kuliko zenzake, umepata. Baadaye piga jeki, gurudumu la nyuma liwe huru, lizungushe kwa mkono. Na angalia habu za mbele (viungio vya gurudumu na ekseli): mtu akiziacha kwenye LOCK, gari linazungusha ekseli yote ya mbele bure.

Mkazi_wa_Pongwe

Nashukuru sana. Thamostati haimo, nyumba yake ni tupu. Habu ziko FREE. Gurudumu la nyuma kulia lina moto, na likiwa juu ya jeki halimalizi hata nusu mzunguko. Upepo ulikuwa 24 mbele, 26 nyuma. Ile mipira miwili midogo ya pampu ipo. Sasa moshi mweusi nao ni wa baridi, au huko ndiko kwa nozo?

Nozo_na_Pampu

Baridi peke yake huleta zaidi moshi mweupe au wa kijivu wenye harufu ya dizeli mbichi. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Anza na hewa: toa filta ya hewa, iangalie kwa taa upande wa pili. Kwa barabara za vumbi za Handeni huko, kupuliza kwa kompresa hakutoshi, na ukipuliza kwa nguvu karatasi inatoboka, vumbi linaingia kusaga ringi. Badilisha.

Pili, kagua skrubu ya mafuta nyuma ya pampu. Kiwandani hufungwa kwa waya na risasi au rangi. Kama muhuri umevunjwa, kuna mtu ameiingiza ndani kutafuta nguvu, na robo ya mzunguko tu inatosha kulifanya gari litoe moshi mlima mzima.

Dereva_wa_Handeni

Fundi, asiiguse mwenyewe. Akiirudisha, na mzunguko wa chini nao unashuka, atafikiri ameharibu kitu na kuanza kuchezea skrubu nyingine.

Nozo_na_Pampu

Anaweza kuirudisha, ila aweke alama ya rangi kwanza na aende moja ya nane ya mzunguko kwa mara moja, kisha arekebishe mzunguko wa chini kwa skrubu yake. Akiona hajiamini, apeleke kwa mwenye mashine ya kupimia pampu.

Nozo zipimwe kabla ya kubadilishwa. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa na ina moto, legeza nati ya bomba la nozo moja moja kwa spana ya 17. Mlio ukibadilika, silinda hiyo inafanya kazi. Usipobadilika, hapo ndipo pa kutazama. Vaa glavu, mkono usiwe mbele ya mafuta yanayoruka, na njia hii usiijaribu kamwe kwenye injini za komoni reli (nozo zote hulishwa na bomba moja lenye shinikizo kubwa mno) kama 1KD. Ukizitoa, ziende kwenye mashine: ufunguzi wa nozo za aina hii ni kati ya baa 100 na 160 kutegemea injini, zinyunyize ukungu na zisidondoshe tone. Kurudisha ni kwa washa (pete za kuziba) mpya, zile za zamani zinavujisha mgandamizo.

Baada ya hayo yote ndipo kompresheni (mgandamizo wa silinda): karibu baa 31 ikiwa nzima, chini ya 20 injini imechoka, na tofauti ya silinda na silinda isizidi 5. Geji ya petroli haifai, haifiki huko.

Surf_ya_Raskazone

Samahani kuingilia. Yangu ni Surf yenye injini 1KZ-TE, thamostati mpya, joto nusu, na bado inakula. Mpangilio ni huo huo?

Nozo_na_Pampu

Breki, upepo na hewa ndiyo. Ila pampu yako inaongozwa na kompyuta, haina skrubu ya kuzungusha. Geji ya dashibodi na kompyuta kila moja ina sensa yake ya joto la maji, kwa hiyo geji inaweza kusema nusu huku kompyuta ikiamini injini ni baridi na kuongeza mafuta. Pima ukinzani wa sensa ya kompyuta ikiwa baridi na ikiwa moto: joto likipanda, omu (kipimo cha ukinzani) zishuke sana. Zisiposhuka, badilisha. Kagua pia EGR (inayorudisha moshi wa ekzosi kwenye injini), masizi yake hujaza njia ya hewa.

Na wewe wa Pongwe, fungua kwanza dramu ya kulia nyuma na waya wa hendibreki, weka thamostati na upepo, pima tena lita. Pampu ibaki imefungwa hadi namba hiyo ije. Kitu kimoja tu cha kutazama sasa hivi: kama kuna unyevu wa dizeli chini ya kava la taiming belti, sili ya shafti ya pampu imekufa. Hiyo haisubiri, dizeli inaozesha belti.