Majirani Nyamasaria, Kisumu: slebu ya gereji

Mama Akinyi: Hamjambo majirani. Nataka gereji ya gari moja, mita 6 kwa 3.5. Fundi mmoja anasema slebu (sakafu ya zege) ya unene wa inchi 4, mwingine 6. Nimsikize nani?

Fundi Ouma: Salama mama. Chimba kwanza, inchi baadaye. Huku kwetu ni udongo mweusi, mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka. Ukimwaga zege juu yake, ukingo utainuka na mlango ukatae kufunga, hata slebu ikiwa nene vipi.

Baba Teddy: Na usilinganishe bajeti na watu wa Riat, kule kilimani. Wao wako juu ya mwamba.

Fundi Ouma: Kabisa. Toa huo udongo mpaka ufike maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe. Ukishuka sm 60 na bado ni mweusi, simamisha kazi umwite injinia. Shimo la sm 60 ni kyubiki (mita za ujazo) 12.6, yaani lori tatu au nne za tani 7 za kujaza. Pesa nyingi itaishia hapo, si kwenye simiti.

Mama Akinyi: Nijaze mawe tu?

Fundi Ouma: La, mama. Mawe matupu yanaacha mianya, maji yanakaa humo na udongo wa chini unaendelea kuvimba. Jaza maramu, sm 15 kwa sm 15, kila tabaka lishindiliwe kwa mashine. Hadikoo, yaani mawe yaliyopondwa na kushindiliwa, iwe juu ya maramu, kisha nailoni nzito (geji 1000) ya kuzuia unyevu.

Injinia Nekesa: Sasa inchi. Inchi 4 ni kyubiki 2.1 za zege, inchi 6 ni 3.15. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto), kyubiki moja inakula mifuko kama 6.5 ya simiti ya kilo 50. Basi ni mifuko 14 au 21. Kwa tofauti ya mifuko 7, weka inchi 6. Mchanga tani 2.5, kokoto tani 5. Ongeza asilimia 10 juu ya kila kitu.

Baba Teddy: BRC je, ule wavu wa chuma wa ndani ya zege?

Injinia Nekesa: Chukua aina ya A142. Roli ina upana wa mita 2.4, kwa hivyo ilaze kukata upana wa gereji: vipande vitatu vya mita 3.4 (sm 5 zibaki kila upande), vikipandana sm 30. Unanunua mita 10.2. Ukiilaza kwa urefu utahitaji 11.8.

Fundi Ouma: Na iketi juu ya biskuti (vipande vidogo vya zege vya kuinulia wavu), ibaki sm 5 kutoka juu. Wengine huitandaza kwenye nailoni wakisema wataivuta na ndoano wakimwaga. Inarudi chini, haifanyi kazi yoyote.

Mama Akinyi: Maji?

Injinia Nekesa: Lita 25 kwa mfuko wa simiti, mchanga ukiwa mbichi punguza. Zege la uji linapasuka. Mwage asubuhi, mvua yetu hupenda alasiri. Kata mstari katikati, mita 3 kutoka mwisho, kina sm 4, kabla ya saa 24 kuisha, ili ufa ukitokea ufuate hapo. Mteremko sm 6 kuelekea mlangoni.

Fundi Ouma: Kisha magunia mabichi juu yake siku 7. Gari lisiingie kabla ya siku 28.

Mama Akinyi: Asanteni sana. Kesho nachimbisha shimo la majaribio, nitatuma picha ya udongo.