Mdogo wangu kavimba mkono kwa piko na harusi ni mwezi ujao, naombeni ushauri

MtotoWaChumbageni:
Salamu wadau. Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao, inshallah. Majuzi kwenye harusi ya binamu yetu alipakwa piko kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Siku ile hakuhisi kitu. Kesho yake jioni akaanza kuwashwa, keshokutwa mkono ukaumuka na malengelenge yakatoka kufuata ua lenyewe, jani kwa jani; palipoachwa wazi ngozi iko salama kabisa. Kwapani kuna mtoki. Kinachonichanganya, Idi iliyopita alipakwa piko ileile na mpakaji yuleyule, hakutoka hata kipele. Shangazi anasema ni kijicho. Duka la dawa wamempa vidonge vya aleji, nafuu hakuna. Je, boksi lilikuwa limeharibika? Na siku yake tumpake nini?

Kapteni_R:
Pole sana dada. Kamulieni ndimu, yatakauka.

NesiWaZamu:
Kapteni, ndimu kwenye ngozi iliyochubuka itamtesa mtoto wa watu. Dada, msipake.

Boksi halina kosa. Piko ni rangi ya nywele, na inayoipa weusi ule ni kemikali iitwayo PPD. Chembe zake ni ndogo mno, zinapenya ngozi na kujishikiza kwenye protini za mwili. Zikiwa peke yake kinga haizioni. Zikishashikana na protini ndipo zinapoonekana kitu kigeni.

Ndani ya ngozi kuna seli za ulinzi zenye matawi. Baadhi huitwa seli za Langerhans, kwa jina la Paul Langerhans, Mjerumani aliyezieleza mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi, akadhani ni za mishipa ya fahamu. Seli hizi zinaokota kile kitu kigeni, zinatoka ngozini na kufuata mishipa ya limfu hadi kwenye tezi za kwapani. Huko zinakionyesha kwa seli T, askari wa kinga ya mwili, na zile chache zinazokitambua huanza kuzaliana. Kazi hiyo huchukua kama siku 10 hadi 15, na hapo rangi imeshafifia. Basi huenda Idi ndipo mwili wake ulipojifunza, ninyi mkaona maua mazuri tu.

Seli T za kumbukumbu zilibaki, nyingine kwenye damu, nyingine zikaweka makazi ngozini. Safari hii zikaishambulia ngozi iliyobeba PPD, ndiyo sababu malengelenge yamefuata ua. Kukusanyika kwake huchukua siku 1 hadi 3, kwa hiyo usiku wa harusi hakuhisi kitu.

Vile vidonge huzuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho kwenye aleji za kawaida, na ugonjwa huu hauendeshwi na histamini. Mwaka 1942 watafiti Landsteiner na Chase waliwapa simbilisi wazima seli za wenzao wenye mzio, na mzio ukahama nazo. Majimaji ya damu yasiyo na seli hayakuuhamisha, yaani mzio wa aina hii hubebwa na seli. Mpelekeni kwa daktari, atampa dawa ya steroidi ya kupaka au ya kumeza. Akipata homa, usaha au uvimbe wa uso, nendeni leo hii.

MamaVipodozi:
Mie napaka piko tangu mwari, haijanidhuru.

NesiWaZamu:
Mama, wengi haiwadhuru. Ila wapo waliopaka miaka na miaka, kisha siku moja mwili ukageuka. Akishageuka mtu ndiyo basi, kumbukumbu hiyo kwa kawaida haifutiki.

Mpakaji_Ngamiani:
Mpeni hina ya majani bibi harusi. Ukiibandua ni rangi ya chungwa, kesho yake inaiva hudhurungi. Ilale usiku kucha. Akitokea wa kuwaambia ana hina nyeusi ya kukolea ndani ya nusu saa, mkataeni, humo mna piko. Nunueni majani makavu mtwange wenyewe.

MtotoWaChumbageni:
Allah awalipe. Je, nywele? Saluni wameshampangia siku ya kutiwa rangi nyeusi.

NesiWaZamu:
Futeni kabisa. Rangi nyingi za nywele za kudumu zina PPD hiyohiyo au ndugu zake, na kichwani uvimbe hushukia machoni. Asomewe boksi lolote, mtafute p-phenylenediamine, ndilo jina refu la PPD. Ngozi ikishapona, daktari wa ngozi anaweza kumpima kwa vibandiko vya mgongoni, vinakaa saa 48 kisha vinasomwa. Kutoka Tanga, hospitali ya KCMC Moshi wana kituo cha magonjwa ya ngozi. Pigeni simu kwanza mwulize kama kipimo kipo. Na hina yenyewe isiguse mkono ule mpaka upone.