Je, debe liliwatesa askari wa jangwani kuliko mizinga ya Rommel?

Mleta mada: Vita vya Libya na Misri, 1940 hadi 1943, husimuliwa kwa majina ya majenerali, kama Rommel wa Ujerumani. Mimi nawatazama wakubwa wa ugavi wa Uingereza, na nasema waliwakosea askari wao vibaya. Petroli ilisafirishwa kwenye debe la galoni 4, kama lita 18, la bati jembamba. Lori likirukaruka kwenye mawe mshono unaachia, petroli inatiririka sakafuni, na cheche moja inatosha kuliteketeza. Makadirio ya hasara njiani yalifika asilimia 30. Mjerumani alikuwa na chombo cha lita 20: nusu mbili za chuma zilizochomelewa, michirizi ya X ubavuni ili kitanuke kwenye joto, kifuniko cha kubana kisichohitaji spana wala faneli. Vishikio 3, hivyo mkono mmoja unabeba vitupu viwili. Waingereza walimwita Mjerumani "Jerry", na hapo ndipo lilipotoka neno jerikeni.

Mchangiaji wa pili: Kuhusu mshono sina ubishi. Lakini Rommel alikuwa na jerikeni na bado vifaru vyake vilikwama kwa kukosa mafuta! Kutoka bandari ya Tripoli, Libya, hadi El Alamein, Misri, ni kama kilomita 2,000. Lori linakunywa mafuta yale yale linayopeleka, na meli zake zilikuwa zinazamishwa na ndege na nyambizi za Waingereza kutoka kisiwa cha Malta. Halafu debe tupu ndilo lililokuwa jiko la askari: likate katikati, toboa matundu ubavuni, tia mchanga, mwagia petroli, koroga, washa. Kosa lililounguza watu ni kuongeza petroli moto ukidhaniwa umezimika, maana mwali hauonekani vizuri juani.

Mchangiaji wa tatu: Mbona mnasahau maji? Mgawo mara nyingi ulikuwa galoni 1 kwa mtu kwa siku, kama lita 4.5, ya kunywa, kupika, kunawa na hata rejeta. Maji ya kunyolea yalichujwa yakamiminwa kwenye rejeta. Chombo kikinuka petroli, maji hayo hayanyweki. Wajerumani walipaka msalaba mweupe kwenye majerikeni ya maji ili yasichanganywe.

Mleta mada: Hoja ya umbali naipokea, ya jiko siipokei. Kama debe lingefaa, askari wa Uingereza wasingekuwa wanaokota majerikeni ya adui kila walipoteka kambi, na viwanda vya kwao visingeyaiga.