Re: D1 imerudishwa tena / spoti ya kwanza, manyuali au otomatiki?

Kutoka: Baba Zawadi, Leicester

Wapendwa hamjambo. D1 yangu, ile fomu ya kuombea leseni ya mwanafunzi wa udereva, imerudi tena. Kwanza ilikuwa picha, sasa wanadai sahihi imevuka kisanduku. Ukipiga simu unachezewa muziki mpaka unakata mwenyewe. Miezi 12 yangu ya kuendesha hapa kwa leseni ya Kenya imeshaisha, kwa hiyo gari naliangalia tu. Aliyepitia haya karibuni anisaidie: nitume kwa posta tena au nijaze mtandaoni kwa eVisa, kile kibali cha ukaazi cha kidijitali?

La pili, na msinicheke. Tangu nikiwa Lanet nimekuwa na hamu ya gari dogo la spoti. Hapa karibu kuna Mazda MX-5 mbili za 2017, injini ya 2.0, bei zinakaribiana. Moja ni manyuali, nyingine otomatiki. Mwalimu aliye na nafasi anafundisha otomatiki pekee, wa manyuali ana foleni ndefu. Nina B2 ya NTSA, leseni ya Kenya ya gari dogo la manyuali, nimeendesha Probox Nakuru hadi Busia na mzigo juu, kwa hiyo gia si ngeni kwangu. Mtihani nifanyie gari gani, na ninunue lipi?

---

Kutoka: Mama Kevo, Reading

Pole Baba Zawadi. Mtandaoni ni pauni 34, posta 43. Yaani unalipa zaidi ili usumbuliwe zaidi. Jaza mtandaoni.

Kuhusu mtihani, usidanganywe na foleni. Ukipitia otomatiki leseni yako inawekwa msimbo 78, na manyuali huigusi tena mpaka ufanye mtihani mwingine. Mimi nilipitia otomatiki kwa sababu kazi ilikuwa ya haraka. Kazi yenyewe ya kuzungukia wazee majumbani ikaja na gari la ofisi, Corsa ya manyuali. Meneja ananirushia ufunguo, mimi namtazama! Wiki zile zote nilizunguka kwa basi, na wazee wanataka chai saa mbili. Nafuu ni kwamba thiori, ule mtihani wa maswali, hairudiwi, na leseni ya otomatiki inakuhesabu kama mwanafunzi upande wa manyuali. Lakini pesa ya masomo unatoa upya.

---

Kutoka: Jaber wa Kondele, Birmingham

Manyuali. Nimemaliza.

Haya, sijamaliza. Omera, MX-5 ya otomatiki ni kama samaki wa Dunga aliyetolewa mifupa yote: utashiba, lakini ulikula nini? Injini ile haina turbo. Nguvu zake, farasi 160, zinapatikana injini ikizunguka kwa kasi ya juu, na kazi ya kuzifuata huko ni ya mkono wako. Kijiti cha gia ni kifupi, unakisogeza kwa kifundo tu, bega halijui kitu. Unakaribia mzunguko, breki, klachi chini, unagusa mafuta kidogo, ya tatu inaingia na unaisikia kiganjani kabla ya masikio. Mimi nilifunzwa na ami yangu kwenye Nissan ya abiria pale Kibuye, klachi ngumu mpaka goti linatetemeka. Mtu wa B2 anapelekwaje otomatiki?

---

Kutoka: Fundi wa Webuye, Milton Keynes

Ndugu wa Kondele, unachanganya watu. Otomatiki si kitu kimoja.

Ya MX-5 ni ya toka konveta (torque converter). Kati ya injini na giaboksi kuna mafuta yanayozungushwa, na hapo ndipo ule msisimko unapopotelea, hasa kwenye injini ndogo. Inadumu, hilo siwezi kulipinga. Lakini kuna za klachi pacha: klachi moja imeshika gia ya tatu, nyingine tayari imeandaa ya nne, kubadilisha ni kufumba na kufumbua. Volkswagen waliiweka kwenye Golf R32 mwaka 2003, Porsche wanaiita PDK. Hiyo hakuna mkono wa binadamu unaoishinda, hata wa ami yako.

Na bado, Porsche walipotoa 911 GT3 ya 2013 kwa PDK pekee, wateja walinung'unika mpaka manyuali ikarudishwa mwaka 2017. Walijua kabisa kwamba ile nyingine ndiyo yenye kasi. Kwa hiyo swali la Baba Zawadi halijibiwi kwa "otomatiki mbaya". Linajibiwa kwa gari gani. Kwa MX-5 ningechukua manyuali. Kwa Porsche Cayman yenye PDK ningekaa chini nifikirie. Na kama kila siku anaingia kazini kwa foleni ya saa nzima, goti la kushoto nalo lina haki zake.

---

Kutoka: Jaber wa Kondele, Birmingham

Cayman umeitoa wapi? Mtu ameuliza Mazda.

---

Kutoka: Nyakwar Alego, Glasgow

Kabla hamjauana, hakuna aliyegusa jambo zito. Baba Zawadi, miezi 12 huhesabiwa tangu ulipoanza kuishi hapa, wala si tangu ulipopata kazi au nyumba. Ikiisha, B2 yako ni kadi ya kumbukumbu. Mzimbabwe na Msauzi wanabadilisha leseni bila mtihani wa barabarani, sisi hatumo kwenye orodha. Kwa nini hatumo, waulizeni wanaoenda ziara za kiserikali kila mwezi.

Jingine: ukifanikiwa, pointi 6 ndani ya miaka 2 ya kwanza, leseni inafutwa, unarudi kwenye L ya mwanafunzi. Spoti ya kwanza na miaka hiyo miwili ni majirani wabaya. Na usipange kwenda mtihani na hiyo MX-5, kuna magari kadhaa ya kukunja paa hayakubaliwi kwa sababu mtahini haoni nyuma vizuri.

---

Kutoka: Baba Zawadi, Leicester

Asante Nyakwar. Basi ninunue ya manyuali sasa, nifanyie mazoezi mke wangu akiwa pembeni? Yeye alipita mwaka jana, otomatiki.

---

Kutoka: Mama Kevo, Reading

Hapana!! Msimamizi awe na miaka 21 kwenda juu, leseni kamili kwa miaka 3, na awe anaruhusiwa kuendesha gari la aina hiyo hiyo. Mke wako amekosa mawili hapo. Mkisimamishwa, hata bima haitawajua.

---

Kutoka: Mtoto wa Section 58, Aberdeen

Mnanikumbusha nyumbani nyinyi. Safari Rally iliporudi kwenye WRC, ubingwa wa dunia wa rali, mwaka 2021 nilikuwa likizo, nikaenda kwenye hatua ya Sleeping Warrior kule Elmenteita. Vumbi la fesh fesh linaingia mpaka kwenye chapati. Wale wanavuta kile kipini cha nyuma ya usukani, gia imepanda, hawana habari na mjadala wenu. Jioni Subaru zote za Nakuru zikashuka barabarani kila mmoja akijiona dereva wa rali, na sasa eti ni jiji.

Baba Zawadi, ukiwaza kurudi na hiyo Mazda sahau. Gari la kuingizwa Kenya mwisho ni miaka 8, ya 2017 hairuhusiwi tena. Hata ingeruhusiwa, matuta ya Salgaa yangelisugua tumbo mpaka liwe bapa. Na barabara ya Rironi–Mau Summit wanataka tulipie kila kilomita.

---

Kutoka: Nyakwar Alego, Glasgow

Wakati kila lita ya mafuta tayari inakatwa shilingi 25 za barabara tangu Julai 2024! Barabara moja unailipia kwenye pampu na kwenye kizuizi.

---

Kutoka: Fundi wa Webuye, Milton Keynes

Shilingi 25 ni za barabara kwa jumla, hii ya kizuizini ni ya mwekezaji. Ni hesabu mbili tofauti. Mkitaka kulalamika lalamikeni kwa usahihi.

---

Kutoka: Nyakwar Alego, Glasgow

Mwekezaji alikutuma?

---

Kutoka: Mama Kevo, Reading

Siasa mpeleke kule kwingine, tulishakubaliana. Baba Zawadi, umejaza mtandaoni?

---

Kutoka: Baba Zawadi, Leicester

Nimejaza, eVisa imekubali, nasubiri. Mwalimu wa otomatiki ananishikia nafasi mpaka Ijumaa. Wa manyuali bado hajapokea simu. Muuza magari naye amesema ile ya manyuali kuna mwingine ameiulizia. Kwa hiyo bado niko palepale, Jaber anasema hivi, Fundi anasema vile.

---

Kutoka: Jaber wa Kondele, Birmingham

Fundi amesema manyuali, msome vizuri. Ameizungusha tu kwa sababu ni Fundi.

---

Kutoka: Fundi wa Webuye, Milton Keynes

Nilisema kwa MX-5. KWA MX-5.

---

Kutoka: Mtoto wa Section 58, Aberdeen

Samahani kuingilia, kuna anayekuja kutoka Kisumu kabla ya Pasaka mwenye kilo za mizigo zinazobaki? Ni omena na unga wa wimbi tu, imefungwa vizuri, hainuki.