Auratus anawapiga wenzake kwenye tangi la lita 270: nimtoe, nipange mawe upya au niongeze samaki?

Kisiki_Tabata

Wakuu habarini. Tangi ni sm 120 × 45 × 50. Ndani kuna mbuna (samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa) 12: auratus 3, kenyi 3, demasoni 2, zebra wekundu 2, na wale wa njano, Labidochromis caeruleus, 2. Wote wana sm 6 hadi 8. Filta ya nje ni ya lita 1,000 kwa saa, mawe machache yapo upande wa kulia, mchanga una kina cha sm 3. Joto 29. Vipimo vya uchafu wa maji: amonia 0, naitraiti 0, naitreti 20.

Auratus mmoja aliyekuwa wa njano mwenye mistari myeusi amegeuka rangi. Sasa ni mweusi mwenye mistari ya samawati hafifu, na tangu ageuke hakuna anayepumzika humo ndani. Labidochromis mmoja wa njano amechanwa mkia, amejibanza kona ya juu nyuma ya bomba la filta na hali kitu. Demasoni mmoja amebanduka magamba ubavuni. Muuzaji ananishauri niongeze samaki ili hasira igawanyike. Nianzie wapi?

Nyasa_Liuli

Mkuu, anza na majeruhi leo hii, mengine yatafuata. Samaki aliyejibanza juu kwenye kona huku wenzake wakiogelea kawaida amefukuzwa. Wangekuwa wote juu wakihema ningesema kapime maji upya. Huyo hawezi kupona akiwa humo humo, kwa sababu kila akishuka kula anapigwa, na asiyekula siku kadhaa kinga ya mwili inashuka, kidonda kinaota ukungu mweupe kama pamba.

Mtoe. Ndoo safi ya lita 20 au beseni kubwa linatosha kwa kuanzia. Jaza maji ya tangi lenyewe, weka jiwe la hewa, kipande cha bomba ajifiche, na funika juu maana wanaruka. Chumvi ya mawe gramu 2 kwa kila lita, yaani gramu 40 kwa lita 20. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe, tia nusu asubuhi na nusu jioni. Kwa kuwa ndoo haina filta, badilisha nusu ya maji kila siku, na ukirudisha lita 10 rudisha na chumvi gramu 20 tu. Watu hutia dozi nzima kila siku, chumvi inapanda bila wao kujua. Asirudi tangini hadi mapezi yaanze kuota tena na awe anakula kwa pupa. Demasoni naye akizidi kubanduka, mfanyie hivyo hivyo kwenye ndoo yake.

Kuhusu huyo mweusi: huyo ni dume aliyetawala. Majike na wadogo wa auratus ni wa njano, dume mkubwa ndiye hugeuka. Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalijui: dume mnyonge hubaki na rangi ya kike ili asipigwe. Kwa hiyo kati ya wale auratus wawili wa njano waliobaki anaweza kuwemo dume mwingine anayesubiri. Ukimtoa mweusi peke yake, unaweza kuona mwenzake anageuka muda si mrefu na vita inaanza upya.

fundi_matangi

Nakubaliana na Nyasa_Liuli. Mimi niongelee mawe, kwa sababu ndiko tatizo lilikoanzia.

Kule Ziwa Nyasa mbuna akifukuzwa anatoka kwenye mwamba wa mwenye nguvu na ugomvi unaishia hapo. Kwenye sm 120 hana pa kutokea. Tena kwako mawe yote yako upande mmoja, kwa hiyo kuna mji mmoja na mfalme mmoja, na nusu ya kushoto ni uwanja mtupu ambao anauona wote akiwa amesimama mlangoni kwake. Unachotakiwa kufanya ni kukata macho yake.

Nunua mawe ya granite ya kujengea, kilo 50 hadi 60, ukubwa wa ngumi hadi wa kichwa. Yasugue kwa brashi na maji bila sabuni. Toa samaki wote kwanza. Sogeza mchanga, tandika kipande cha plastiki ngumu juu ya kioo, mawe makubwa yakae hapo, ndipo urudishe mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga mbuna watachimba chini yake na lundo litaporomoka, likipasua kioo au kumbana samaki. Panga malundo matatu yanayofika karibu sm 10 kutoka usawa wa maji, na angalau moja likatize tangi kutoka nyuma kuja mbele. Mashimo yawe na mlango wa sm 4 hadi 6, na kila shimo liwe na milango miwili. Shimo la mlango mmoja ni mtego: mnyonge akiingia, dume anasimama nje na hakuna pa kupita.

Mawe yakiwa haba, tumia mabomba ya plastiki ya inchi 2, ukate vipande vya sm 15. Vyungu vya maua vilivyotobolewa pande mbili navyo vinafaa. Mashimo yazidi idadi ya samaki.

Baada ya kupanga, zima taa, rudisha samaki wote kwa pamoja, wanyonge wakitangulia, na taa ibaki imezimwa hadi kesho yake. Mpangilio mpya unamfanya kila mmoja aanze kutafuta nyumba, akiwemo mtawala.

Joto nalo lishushe. Nyuzi 29 zinawachemsha, na oksijeni inapungua. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi 2 hadi 3, nawe ujazie maji yanayopotea kwa mvuke. Lenga 25 au 26.

Bi_Ukunda

Ndugu yangu, huo ushauri wa muuzaji una ukweli ndani yake lakini ni wa hatari kwa tangi lako lilivyo sasa. Ni kweli mbuna wakiwa wengi dume hawezi kumwandama mmoja hadi amuue. Lakini anayesema uongeze samaki akuambie pia ubadilishe filta. Ukitoa mawe, mchanga na nafasi ya juu, una kama lita 210 za maji. Tangi lililojazwa mbuna linataka maji yazunguke mara 7 hadi 9 kwa saa, yaani lita 1,500 hadi 1,900. Lita 1,000 hazitoshi. Ongeza filta ya pili kabla ya samaki, isubiri wiki nne hadi sita bakteria wanaosafisha maji wakae, au ianzishie na sponji chafu kutoka filta ya zamani. Maji ubadilishe asilimia 40 kila wiki. Na umeme ukikatika, tangi lililojaa linaishiwa hewa haraka, kwa hiyo pampu ya hewa ya betri iwepo nyumbani kabla hujaongeza hata samaki mmoja.

Shida kubwa zaidi ni aina ulizochanganya. Auratus na kenyi ni katika mbuna wakorofi kupita wote. Demasoni 2 ni idadi mbaya: wanaandamana wao kwa wao hadi abaki mmoja. Ama uwe nao 12 na zaidi, ama usiwe nao kabisa. Tena wana mistari ya bluu na nyeusi inayofanana na kenyi wa bluu, na dume humshambulia zaidi anayefanana naye.

Ningekuwa na tangi hilo ningewatoa auratus wote watatu, kenyi wote na demasoni. Ningebaki na wa njano hadi wafike 7, zebra wekundu dume 1 na majike 4, halafu Iodotropheus sprengerae 5, ambaye ni mpole kwa kiwango cha mbuna. Wa njano na Iodotropheus waingie kwanza, wakizoea ndipo uongeze zebra. Usiongeze mmoja mmoja, mgeni wa peke yake anageuzwa ngoma.

Kisiki_Tabata

Nashukuru sana wote. Majeruhi yuko kwenye ndoo tayari. Maswali mawili: zebra jike mmoja amevimba koo na hali, naye anafukuzwa. Ni ugonjwa? Na je, nikiwapa chakula zaidi watatulia?

Nyasa_Liuli

Ukiona anatafunatafuna bila chakula na kidevu kimeshuka, ana mayai mdomoni. Huyabeba kama wiki tatu, mara nyingine nne, bila kula vizuri. Mwache mahali alipo kama ana shimo la kujificha. Kama anaandamwa, mhamishe kwenye tangi la lita 40 lenye filta ya sponji, taa zikiwa zimezimwa, taratibu, kwa kuwa akishtuka huyatema au huyameza. Vifaranga wakishatoka, mlishe yeye peke yake kama wiki moja arudishe mwili kabla ya kumrejesha. Ila kumbuka kuwa kenyi na zebra wanazaliana, kwa hiyo kama hukumwona baba, usiwauze hao watoto kwa jina la zebra.

Lakini akiwa amevimba tumbo badala ya koo na kinyesi chake ni cheupe chembamba kama uzi, huo ni ugonjwa wa tumbo, mtenge.

Chakula zaidi hakiwatulizi, kinachafua maji. Wape chembe za spirulina mara mbili kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika moja, na umwage kushoto na kulia kwa wakati mmoja ili dume asilinde pande zote. Nyama ya ng'ombe na minyoo acha. Wengi wao wana utumbo mrefu wa walaji wa mwani.

fundi_matangi

Na hao auratus unapowatoa, mwambie anayewachukua ni samaki wa aina gani. Wakiingia kwenye tangi la sm 60 la mtu asiyejua, watamaliza wote.